Umri wa Tulinagwe Mwaisumo

Simu ilikataliwa mara tatu asubuhi hiyo, na mara zote tatu mtambo ulikuwa sahihi.

Laini ya Watoto haikupokea watu wazima. Mtu alipopiga, mtambo ulisoma namba yake ya taifa kabla hajamaliza kusema haloo, ukahesabu miaka yake, na kama ilizidi kumi na minane ukamwelekeza kwa upole kwenye ofisi nyingine. Mpigaji huyu alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Hata hivyo sheria ya Tume ya Haki za Mtoto ilitaka kila siku binadamu asikilize simu kumi kati ya zilizokataliwa, na kazi hiyo ilikuwa ya Mwanaisha Dachi, ambaye kwa miaka sita alikuwa amesikiliza walevi, matapeli na akina mama waliokosea namba. Saa tatu na nusu aligonga mlango wa Kamishna bila kungoja ajibiwe.

"Mama, naomba usikilize hii."

Kokushubira Rweyongeza, Kamishna wa Haki za Mtoto, alisukuma pembeni kikombe chake cha uji. Sauti iliyotoka kwenye kinasa ilikuwa nyembamba, yenye mkwaruzo wa kikohozi.

"Haloo? Naitwa Tulinagwe. Nataka kuuliza. Mdogo wangu anataka kunizuia nisilale. Mimi nimeshaweka kiganja kwenye kioo na daktari amesema inatosha. Je, mdogo mtu anaweza kumzuia dada yake?" Mpigaji alikohoa, akavuta pumzi. "Yeye ana miaka thelathini na saba. Mimi nina tisa."

Kisha sauti ya mtambo: "Samahani. Huduma hii ni kwa ajili ya watoto."

Kamishna aliomba irudiwe. Ilipokwisha mara ya pili alikuwa amesimama.

"Anapiga kutoka wapi?"

"Tukuyu. Taasisi ya Usingizi wa Tiba. Nimemtafuta kwenye daftari la taifa, mama. Amezaliwa Februari mwaka elfu mbili arobaini na tisa. Alilazwa usingizi mwaka hamsini na nane, ule wa kikohozi cha majivu. Wamemwamsha miezi miwili iliyopita. Na tarehe ishirini na moja mwezi huu wanamlaza tena."

"Leo tarehe nane."

"Ndiyo, mama. Lakini tukienda, tutaenda kwa mamlaka gani? Namba yake inasema ni mtu mzima."

"Namba yake inasema," Kamishna alikubali, akivuta koti lake kwenye kiti.

*

Tukuyu ilikuwa na baridi ya Juni, na mvua nyembamba ambayo wenyeji hawakuiita mvua. Taasisi ilijengwa juu ya mashamba ya chai, nyumba ndefu nyeupe zisizo na madirisha, na mkurugenzi wake, Dakta Ambakisye Mwambene, aliwapokea mlangoni akiwa na mwavuli mkononi.

Hakuwa mtu wa kuficha. Aliwatembeza ukumbini walikolala watu mia mbili na kumi na mmoja, kila mmoja ndani ya sanduku lake la kioo. Alieleza namna damu inavyopozwa hadi nyuzi nne, kisha kuongezewa maji mazito yenye rangi ya chai hafifu yasiyoganda, na namna moyo unavyoendelea kupiga mara moja kila dakika sita. Kikohozi cha majivu kilipoingia hakikuwa na dawa, na waliolazwa hapa walilazwa ili waingojee. Dawa imepatikana. Sasa wanaamshwa mmoja mmoja.

"Wangapi walikuwa watoto walipolazwa?"

"Sitini na watatu. Tulinagwe ndiye wa kwanza kuamshwa kati yao."

Ofisini mwake Kamishna aliomba picha ya mifupa. Dakta Mwambene aliiwasha ukutani: mguu mdogo mweupe, na karibu na goti mstari mmoja wa kijivu.

"Mfupa wa mtoto huacha alama unapokua, kama mti," alisema. "Huu hapa ndio usingizi wake. Miaka thelathini na miwili imo ndani ya mstari huu mmoja."

"Na mfupa unasema ana miaka mingapi?"

"Tisa na miezi minne." Alizima picha. "Lakini mfupa hauna cheti cha kuzaliwa, Mheshimiwa."

"Kwa nini alazwe tena? Si amepona?"

"Ugonjwa umepona. Mapafu yamebaki na makovu. Kwa hali yake atafika miaka thelathini, labda thelathini na mitano, na hatakimbia hata siku moja. Mapafu ya kuoteshwa maabara yatapatikana baada ya miaka ishirini hivi. Akilala, ataamka ayakute."

"Nani ameshalala mara mbili?"

"Binadamu, bado. Angekuwa wa kwanza. Nguruwe tisa kati ya kumi waliamka."

"Na yeye anajua habari za huyo wa kumi?"

"Imo kwenye fomu. Ameisoma yote kwa sauti, mbele ya wakili, kabla ya kuweka kiganja kwenye kioo cha saini. Ni msichana mwenye akili nyingi." Alisema "msichana", kisha akajisahihisha: "Ni mgonjwa mwenye akili nyingi."

Tulinagwe alikuwa kwenye chumba cha mwisho, ameketi kitandani amevaa sweta kubwa la hospitali lililokunjwa mikono mara tatu. Muuguzi aliyekuwa akitoka alimwita "Bi Mwaisumo", kama walivyoagizwa. Mtoto alimtazama Kamishna kuanzia viatu hadi kichwani.

"Shikamoo."

"Marahaba, Tulinagwe. Mimi ndiye Kamishna. Nimesikia simu yako."

"Lakini walikata."

"Walikata. Wewe ukapiga tena mara mbili."

"Mama alinifundisha kubisha hodi mara tatu." Alikohoa, akafuta mdomo kwa mkono wa sweta. "Sasa jibu ni lipi? Mdogo anaweza kumzuia dada yake?"

Kamishna alivuta kigoda, akakaa chini kuliko kitanda. Katika miaka ishirini na miwili ya uhakimu kwenye mahakama ya watoto alikuwa amejifunza kukaa hivyo.

"Kwanza niambie kwa nini unataka kulala."

"Nipate mapafu mapya. Nikimbie."

"Ni miaka ishirini, Tulinagwe."

"Ishirini ni kama jana. Mimi nililala jana." Aliinua vidole kuhesabu, akaviacha. "Gwantwa atakuwa bibi. Bupe, mtoto wake, atakuwa mkubwa kama wewe... hapana, siyo kama wewe. Bupe sasa ana miaka kumi na mmoja na ananiita mama mkubwa. Alikuja hapa akanisalimia huku anacheka."

"Ulicheka na wewe?"

"Kidogo."

Mvua ilisikika juu ya bati. Mtoto alianza kuchezea uzi uliochomoka kwenye sweta, na aliposema tena aliuambia ule uzi.

"Mama alisema nikiamka atakuwa ameketi hapo ulipoketi. Nikaamka, kweli nikamwona ameketi, nikamwita. Kumbe ni Gwantwa. Gwantwa ana sura ya Mama yote, na mikono yake ina alama za moto." Akavuta uzi. "Nikiwa nimelala sijui kama Mama amekufa. Nikiwa macho najua kila siku."



*

Gwantwa Mwaisumo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma sokoni Tukuyu, mwanamke mpana, mwenye madoa madogo ya moto kuanzia viganja hadi viwiko. Siku ya pili alifika na chupa ya maziwa ya mgando na ndizi za kuchoma ndani ya kitambaa. Alisimama mlangoni, akafanya kile ambacho Mwanaisha alikisimulia ofisini kwa muda mrefu baadaye. Alipiga goti nusu, kama wanawake wa kwao wanavyofanya mbele ya mkubwa, akasema:

"Shikamoo, dada."

Tulinagwe alikuwa ameugeukia ukuta kwa hasira. Lakini salamu ni salamu.

"Marahaba," alisema kwa ukuta.

Baadaye, kwenye benchi la nje, Gwantwa alizungumza na Kamishna bila kumtazama.

"Nilikuwa na miaka mitano alipolazwa. Alikuwa ananibeba mgongoni kwenda kisimani na yeye mwenyewe mdogo. Sasa hapa wananiambia mimi ni ndugu wa karibu tu, sina kauli, mgonjwa ni mtu mzima. Mtu mzima! Jana aliniomba nimfunge kamba za viatu."

"Ukiambiwa wewe ndiye mlezi wake, utafanya nini?"

"Nitamchukua nyumbani leo hii."

"Na mapafu?"

"Wapo watu wanaishi na mapafu mabovu."

"Miaka thelathini na mitano, Gwantwa. Daktari hakudanganya."

Mwanamke alikunja mikono yake yenye madoa. "Mama alikufa akimngoja. Mimi nimemngoja miaka thelathini na miwili. Simudu kumngoja tena, mama. Ndiyo kweli yangu yote. Akilala safari hii, akiamka atanikuta kaburini, au asiamke kabisa."

Kamishna aliandika hayo kwenye daftari lake, kisha akakaa akiyatazama. Daktari alimtaka mtoto huyu kwa ajili ya elimu, na aliamini kwa dhati kwamba anamsaidia. Mdogo wake alimtaka kwa ajili ya mapenzi, na alikuwa amekiri kwamba hata mapenzi hayo yalikuwa na haja yake yenyewe. Mtoto mwenyewe alitaka kulala ili asijue. Kamishna akisema Tulinagwe ni mtu mzima, kauli ya mtoto itasimama, na ataingizwa kwenye sanduku ambalo mmoja kati ya kumi hatoki. Akisema ni mtoto, atamwokoa na sanduku, na kwa neno hilohilo atakuwa ameifuta kauli yake.

Alikuwa ameitwa kumsikiliza. Angewezaje kumsikiliza kwa kumnyamazisha?

*

Katibu Mkuu wa wizara, Leonidas Kasambala, alifika siku ya nne. Yeye na Kamishna walisoma sheria darasa moja, na bado alimwita Koku. Walikunywa chai kwenye baraza la nyumba ya wageni, jua la saa nne likijaribu kupenya ukungu.

"Sikuja kukupa maelekezo," alianza. "Najua kifungu. Kamishna hatapokea maelekezo ya mtu yeyote wala mamlaka yoyote. Nilikuwa mmoja wa walioandika."

"Basi umekuja kunywa chai."

"Nimekuja kukuomba usome kifungu kinachofuata. Tume inashughulika na watoto. Mtoto ni mtu ambaye hajatimiza umri wa miaka kumi na minane. Koku, huombwi useme uongo. Unaombwa usome tarehe ya kuzaliwa, uandike barua ya mistari miwili: suala hili haliko ndani ya mipaka yangu. Basi."

"Kwa nini mna haraka na barua ya mistari miwili?"

Kasambala alikoroga chai ambayo ilikuwa haina sukari. "Kwa sababu wapo sitini na wawili nyuma yake. Thelathini na wanane kati yao hawana ndugu aliye hai. Wakiamka wakiwa watu wazima, wana haki zao, mashamba yao yaliyorithiwa, sauti yao. Wakiamka watoto, ni wa kwangu. Niwapeleke wapi? Vituo vya yatima vimejaa. Nitawapa walezi wasiowajua, watakaowasainia kila kitu. Wewe ndiye umepiga kelele miaka kumi kuhusu vituo hivyo. Unataka niviongezee wengine?"

Ilikuwa hoja nzuri. Kamishna alitamani ingekuwa mbaya.

"Sheria imesema 'hajatimiza'," alisema hatimaye. "Haikusema 'hajafikisha tarehe'. Kutimiza ni kufanya jambo mpaka likaisha. Mtu hutimiza ahadi, hutimiza wajibu. Huyu mtoto miaka thelathini na miwili hakuifanya chochote. Hakuila, hakuicheza, hakuililia. Imempitia kama gari linavyompita mtu aliyelala kando ya barabara. Ametimiza miaka tisa, Leonidas."

"Mahakama itakucheka."

"Icheke ikishasoma."

Kasambala alitabasamu kwa huzuni, akafunga kifungo cha koti. "Muda wako unaisha tarehe thelathini. Jina lako liko kwenye orodha ya watakaopelekwa bungeni kuthibitishwa tena. Sisemi litaondolewa. Sisemi litabaki. Nasema tu wewe na mimi tunajua orodha inavyoandikwa."

"Sasa hayo ndiyo maelekezo," alisema Kamishna.

"Hapana. Hayo ni maisha." Kisha, akiwa amesimama, aliuliza kwa sauti nyingine kabisa: "Mtoto mwenyewe anasemaje?"

"Anataka kulala."

"Kwa hiyo unapinga wizara, unapinga daktari, na unampinga na yeye."

"Ndiyo."

"Basi upo huru kweli," alisema Kasambala, na haikujulikana kama alimsifu au alimhurumia.

Alipoondoka, Kamishna alibaki barazani mpaka chai ikapoa. Maneno yale yalimkaa vibaya. Sheria ilisema asipokee maelekezo ya mtu yeyote, na haikuandika "isipokuwa mtoto". Lakini ofisi yake yote ilikuwa imejengwa juu ya mtoto mmoja anayesema na mtu mzima mmoja anayenyamaza kumsikiliza. Alijiuliza kama uhuru wa mtu unaweza kuwa mkubwa mno hata usiwe na faida kwa yule aliyewekewa.

Aliandika uamuzi siku tatu. Mara mbili aliuchana.

*

Kanuni ilimtaka aupeleke kwanza kwa wizara. Tarehe kumi na saba aliupeleka kwanza chumba cha mwisho, akakaa kwenye kigoda kilekile na kuusoma kwa Kiswahili cha kawaida, sentensi moja baada ya nyingine, Gwantwa akiwa amesimama kando ya kitanda na Mwanaisha mlangoni.

"Nimeona kwamba wewe ni mtoto. Nimeona kwamba kiganja ulichoweka kwenye kioo hakihesabiki, kwa sababu mtoto haombwi kuweka kiganja peke yake kwenye jambo linaloweza kumuua. Nimeamuru usilazwe mpaka mahakama iseme. Gwantwa ndiye mlezi wako kwa sasa."

Tulinagwe alisikiliza mpaka mwisho. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Ulisema umekuja kunisikiliza."

"Nilikusikiliza."

"Hukunisikiliza! Ungenisikiliza ungesema ndiyo!"

"Kusikiliza na kukubali ni vitu viwili, Tulinagwe. Nilisikia kila neno. Yote nimeyaandika humu, hata yale yanayonipinga. Sikukubali."

"Nakuchukia," alisema mtoto, kisha akakohoa kwa muda mrefu, mwili wote ukitetemeka ndani ya sweta, akimsukuma Gwantwa aliyekuja kumshika. Kamishna alingoja.

"Kuna jambo jingine nawajibika kukuambia," alisema kikohozi kilipotulia. "Mtoto anaweza kumlalamikia Kamishna mahakamani. Anaandika, anafunga bahasha, na Kamishna mwenyewe anaipeleka ndani ya siku tatu. Haruhusiwi kuifungua."

"Hata kama ni mabaya?"

"Hasa yakiwa mabaya."

Mtoto alimtazama kwa macho mekundu, akitafuta mtego.

"Nipe kalamu."

Aliandika asubuhi yote. Hakutaka msaada. Mwandiko wake ulikuwa wa shule ya zamani, wa herufi za kuunganisha ambazo watoto wa sasa hawafundishwi, na aliufunika kwa mkono kila mtu alipopita. Alipomaliza alilamba bahasha, akaibana kwa ngumi, akaandika juu yake: *KWA JAJI. KAMISHNA ASIFUNGUE.*

Njiani kwenda Mbeya, Mwanaisha alivumilia mpaka walipovuka Kiwira.

"Mama, hiyo bahasha ndiyo wanayoitafuta. Mgonjwa mwenyewe anapinga uamuzi wako, kwa maandishi yake! Wakili wao ataisoma kama Injili."

"Najua."

"Una siku tatu. Ungeipeleka siku ya tatu jioni, sisi tukawa tumeshajipanga..."

Kamishna alikuwa ameishika bahasha mapajani kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi mno.

"Mwanaisha, nimemnyang'anya mtoto huyu kauli yake moja. Nikimchelewesha na hii, nitakuwa nimembakizia nini?"

Waliifikisha kwa msajili saa nane mchana. Asubuhi iliyofuata ilikuja barua fupi kutoka Dodoma, ikimshukuru Kamishna Rweyongeza kwa utumishi wake na kumtakia mapumziko mema baada ya tarehe thelathini.

*

Kesi ilisikilizwa Mbeya tarehe ishirini na saba, mbele ya Jaji Felista Kihwelo, mwanamke mzee mwenye sauti ya chini. Wakili wa Taasisi alisema kwa saa nzima kuhusu tarehe za kuzaliwa. Wakili wa Tume aliwasha picha ya mfupa, na ukumbi wote ukautazama mstari ule wa kijivu. Kisha jaji alichukua mkasi, akafungua bahasha, akasoma kwanza kimya, halafu kwa sauti.

"*Mheshimiwa Jaji. Mimi ni Tulinagwe Mwaisumo. Namlalamikia Kamishna. La kwanza, amenizuia kulala. La pili, aliniuliza maswali mengi sana. Aliuliza habari za mapafu, na za Gwantwa, na za nguruwe. Aliuliza kwa nini nataka kulala, nikamwambia ni kwa sababu ya Mama. Hakuniuliza kama nataka kumwona Mama alipozikwa. Daktari pia hakuniuliza. Gwantwa hasemi, analia tu. Wote wananilinda. Mimi sijui kama Mama amekufa kwa sababu sijaona. Naomba jaji aniulize.*"

Kokushubira Rweyongeza alikuwa ameketi safu ya mbele. Alihisi damu ikimpanda usoni kama mwanafunzi aliyeshindwa swali jepesi mbele ya darasa zima. Miaka ishirini na miwili ya kukaa kwenye vigoda vifupi.

Jaji aliweka karatasi chini.

"Tulinagwe, nakuuliza. Unataka kwenda kumwona mama yako alipozikwa?"

Mtoto alisimama. Alikuwa amefungwa kitenge cha Gwantwa juu ya gauni ili asipigwe na baridi.

"Ndiyo."

"Ni mbali?"

Gwantwa ndiye aliyejibu, na sauti yake haikusikika vizuri. "Ni Ikuti, Mheshimiwa. Nusu saa kutoka pale hospitali."

Kesi ikaahirishwa kwa siku tatu.

Walikwenda kesho yake. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba, limejengewa saruji, na juu yake Gwantwa alikuwa amechomelea msalaba wa chuma kwa mkono wake mwenyewe. Iliandikwa: *Subilaga Mwaisumo, mama wa Tulinagwe na Gwantwa.* Mtoto aliligusa jina lake, lililotangulia kwa kuwa ndiye mkubwa. Kisha akaanza kung'oa majani pembezoni mwa saruji, polepole, akipumzika kila baada ya kukohoa, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kamishna alibaki mbali, karibu na banda la ng'ombe. Hakualikwa, hakufukuzwa pia.

"Alikuwa anakuja kuniona?" Tulinagwe aliuliza.

"Kila Jumapili," alisema Gwantwa. "Na mara moja kwa mwaka walikuwa wanafungua kioo dakika tano akukate kucha. Zilikuwa zinaota kidogo, kidogo sana, lakini zinaota. Alikuwa anaanza kunoa mkasi wiki nzima kabla."

"Na alipokufa?"

"Nilikukata mimi."

Mtoto alitazama vidole vyake, vyenye udongo. Akakaa juu ya saruji, akajikunyata, na kilio kilichotoka hakikuwa kile cha hasira cha chumba cha mwisho. Kilikuwa kirefu, kikikatizwa na kikohozi na kuanza upya. Gwantwa alipanda juu ya saruji, akampakata, mwanamke mzima amempakata dada yake mkubwa, na wakakaa hivyo mpaka mvua ikaanza na Bupe akawaletea mwavuli.

Tarehe thelathini, siku ya mwisho ya Kokushubira Rweyongeza ofisini, jaji alisoma hukumu. Alisema mahakama imekubali kwamba Tulinagwe ametimiza miaka tisa na si zaidi, na kwamba Kamishna alikuwa ndani ya mipaka yake. Alisema fomu ya kiganja ni batili, na hakuna kati ya wale sitini na wawili atakayeombwa kiganja. Alisema pia kwamba Kamishna alikosea kwa kutomuuliza mtoto alichopaswa kuulizwa, na kosa hilo litaandikwa pamoja na hukumu. Kamishna aliinamisha kichwa.

"Lakini mtoto ana kauli," jaji aliendelea, "hata kama kauli yake peke yake haitoshi. Tulinagwe, umeona ulichotaka kuona. Sasa nakuuliza mara ya pili. Unasemaje kuhusu kulala?"

Tulinagwe alisimama. Alimtazama Gwantwa, akamtazama Dakta Mwambene, akamtazama hata Kamishna, ingawa bado hakuwa amemsamehe.

"Bado sijui," alisema. "Naomba muda."

"Muda gani?"

"Wa kufikiri. Nikiwa macho."

Jaji Kihwelo alivuta jalada, akaandika kwa mkono wake mwenyewe huku akisema kwa sauti: "Mtoto ameomba muda." Kisha akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Wakili wa Taasisi alisimama, karatasi zake zikiwa tayari. Alimtazama mtoto aliyefungwa kitenge, aliyekuwa akimngoja aseme. Akazikunja karatasi, akaketi.

"Muda umetolewa," alisema jaji.